Ngazi za Usingizi

Mhina alipokwenda Aberdeen kusoma
aliniachia kompyuta kama mtu anavyoachiwa mbuzi:
"Mama, usiizime, naitumia kutoka huku."
Sikuuliza mbuzi anakula nini.

Mita ya jikoni ndiyo iliyonijibu.
Pauni kumi za Jumapili, zilizozoea kunifikisha Ijumaa,
zikaanza kukata roho Jumatano,
birika halijaanza hata kuimba.

Saa nane usiku, nimetoka kwa Bi Winifred,
mikono bado inanuka sabuni ya wagonjwa,
nikafungua chumba chake.
Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu.
Chini ya meza feni linavuma
kama mtu anayekimbia ameketi.

"Gigahezi nne nukta nane," akasema kwenye simu,
kwa sauti ya mwenye ng'ombe. "Kiwandani waliipa tatu na nusu.
Nimeipandisha mwenyewe."
"Na sasa hivi inafanya nini?"
"Sasa hivi? Haifanyi kitu."
"Haifanyi kitu, kwa kasi hiyo?"

Akakohoa.
Volti aliifunga isishuke, akaniambia,
na ngazi za usingizi alizizima zote, isije ikayumba.

Ngazi za usingizi. Nikamwambia arudie.

Kumbe kile kidude kilizaliwa na usingizi wake:
wa kwanza ni wa kuku, jicho moja mlangoni;
wa tatu ni ule wa Ijumaa baada ya pilau;
wa sita ndio wa pono,
hata moyo unakatiwa umeme.
Na mwanangu, niliyembeleza mgongoni miaka miwili,
akaunyang'anya wote.

Jumanne, siku yangu ya mapumziko, miwani puani,
simu nimeilaza juu ya kibodi,
nje Barabara ya Holderness inapigwa na mvua ya ubavu.
"Bonyeza kitufe cha kufuta, Mama, bonyeza-bonyeza kabla haijaamka."
Nikakitwanga kama kisamvu.
"Kasi ya juu usiiguse."
Siigusi. Akiitwa kukimbia, na akimbie.
"Volti, ondoa ya kudumu, weka ya kufuata kazi.
Ngazi ya kwanza, washa. Ya tatu, washa.
Ya sita iache, Mama, inaweza ikashindwa kuamka."
Nikaiwasha.

Ikarudi. Mpango wa umeme ulisema *nguvu zote*;
nikachagua *wastani*.
Kiwango cha chini: mia kwa mia.
Nikafuta, nikaandika tano.

Tukasubiri.
Nne nukta nane.
Nne nukta nane.
"Kuna kitu kinaitumisha kichinichini," akasema, sauti imepungua.
Tukakitafuta jina kwa jina, mpaka tukakikuta:
programu ya taa za rangi,
zile za waridi na kijani zinazozunguka ndani ya sanduku,
zinamwonyesha nani, kwenye chumba kitupu?

Nikaifunga.

Nukta nane.
Sifuri, halafu nukta, halafu nane.
Joto kutoka sabini na moja likateremka,
sitini, arobaini na tisa, thelathini na nne,
na feni likashusha pumzi
kama mzee aliyevuliwa viatu.

"Mama? Upo?"
Nipo. Nilikuwa nakunja taulo.
Sikumbuki nilianza saa ngapi.
Zilikuwa zimeshakunjwa.

Mita sasa inafika Ijumaa, hata Jumamosi asubuhi.
Ila chumba kimekuwa na baridi.
Paka wa jirani, aliyekuwa akilala juu ya sanduku lile,
ananitazama kama mwenye nyumba aliyepandisha kodi.
Na kimya hicho. Sikujua
kwamba nilikuwa nikilisikiliza lile feni kupitia ukutani
ndipo nipate usingizi.

Basi usiku mwingine naingia, sivui koti,
nafungua mchezo wa karata.
Inashtuka, inavuma, nne nukta nane, ndiyo huyo.
Nagawa karata. Sichezi.
Nafunga.
Nakaa gizani naisikiliza ikishuka,
ngazi baada ya ngazi,
na mabega yangu nayo, kidogo.